Rangi za harusi katika Kasulu na Kibondo

Rangi za harusi ni rangi chache ambazo maharusi, familia zao na kamati ya sherehe huchagua ili zionekane kwa pamoja katika mavazi, mapambo, kadi na keki siku ya ndoa. Pamoja na rangi huchaguliwa pia *wazo kuu*, yaani jambo moja linalounganisha sherehe nzima, kama vile mavuno, ziwa, bustani au kumbukumbu ya familia.

Makala hii inahusu desturi hiyo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hasa wilaya za Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania karibu na mpaka wa Burundi. Huko, kama kwingineko nchini, harusi nyingi hugharamiwa kwa michango ya watu wengi. Kwa sababu hiyo kuchagua rangi si suala la urembo peke yake. Rangi inayopatikana karibu huwawezesha ndugu wote kushiriki. Rangi inayopaswa kuagizwa kutoka mbali huongeza gharama na kuwaacha baadhi yao nje.

## Jina

Neno *harusi* (pia *arusi*) lina asili ya Kiarabu. Katika Kiswahili linatofautishwa na *ndoa*: ndoa ni mapatano ya watu wawili yanayotambuliwa na sheria, dini au mila, na harusi ni sherehe ya kuyatangaza na kuyafurahia. Tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayepanga, kwa sababu rangi, keki na ukumbi ni mambo ya harusi. Ndoa haizihitaji.

## Mazingira

Kasulu na Kibondo ni sehemu ya Buha, nchi ya Waha, ambao lugha yao ya Kiha ni ya karibu na Kirundi. Mwaka 2012 wilaya ya Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu na wilaya ya Kakonko kutoka Kibondo, lakini koo na undugu havikufuata mipaka hiyo, na harusi moja huweza kukusanya watu wa wilaya zote nne.

Mvua hunyesha tangu Oktoba hivi hadi Mei. Kiangazi ni kuanzia Juni hadi Septemba. Wakulima wa maharage, mahindi, mihogo, migomba, alizeti, kahawa na tumbaku hupata fedha baada ya mavuno, na hivyo sherehe nyingi huangukia miezi ya kiangazi. Kalenda ya dini nayo hupunguza siku zilizo wazi: Wakristo wengi huepuka kufunga ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi huepuka kufanya sherehe wakati wa Ramadhani.

Majira hubadilisha rangi ya nchi yenyewe. Masika milima ni ya kijani kibichi. Julai nyasi zimekauka na kuwa rangi ya dhahabu iliyofifia, na barabara za udongo hutoa vumbi jekundu. Anayepanga harusi hapaswi kusahau kwamba mapambo yake yataonekana mbele ya ukuta huo mkubwa uliokwisha kupakwa rangi na majira.

## Historia ya rangi na mavazi

Zamani watu wa Buha walivaa ngozi na nguo za magome ya miti, ambazo rangi yake ni ya kahawia. Vitambaa vya pamba vilienea kwa biashara ya misafara na baadaye kwa maduka ya mijini.

Shela jeupe la bibi harusi lilienea duniani kutoka Ulaya. Huko nako halikuwa desturi ya kale ya watu wote. Wanawake wengi waliolewa katika nguo yao nzuri kuliko zote, iwe nyekundu, ya buluu au ya kahawia. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa nyeupe. Hakuwa wa kwanza, lakini picha za harusi yake zilienea na matajiri wakaiga. Baadaye desturi hiyo ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari, picha na maduka ya nguo.

Kwingineko desturi ni nyingine. Katika sehemu kubwa ya India na China nyekundu ndiyo rangi ya bibi harusi. Katika pwani ya Waswahili kanga iitwayo *kisutu*, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni nguo ya harusi inayojulikana tangu zamani. Nchini Burundi wanawake huvaa *imvutano*, nguo ya kitambaa chepesi inayofungwa juu ya bega moja, na kundi zima huweza kuvaa rangi moja.

Kitenge, ambacho leo ndicho sare ya kawaida ya ndugu harusini, nacho kina safari ndefu. Mbinu yake ya kuzuia rangi kwa nta ilitokana na batiki za kisiwa cha Java, ikaigwa viwandani na Waholanzi. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mjini Helmond mwaka 1846. Nchini Tanzania kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vyake vilifika mikoani.

Basi hakuna rangi moja iliyo "rangi ya harusi" kwa asili. Kila kizazi kimechagua kutokana na kilichopatikana na kilichopendeza wakati wake.

## Majina ya rangi katika Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyopatana na ngeli za nomino: *-eupe*, *-eusi* na *-ekundu*. Husemwa kitambaa cheupe, maua meupe, shela jeupe. Wataalamu Brent Berlin na Paul Kay walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1969 kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo: nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Rangi nyingine nyingi za Kiswahili hupewa majina ya vitu. *Kijani* ni ya jani, *kijivu* ni ya jivu, *kahawia* ni ya kahawa, *manjano* ni ya bizari, *zambarau* na *chungwa* ni za matunda, *waridi* ni ya ua. Mafundi na wauza vitambaa huongeza majina yao: rangi ya maziwa, rangi ya samli, rangi ya udongo, buluu bahari, na *damu ya mzee*, ambayo ni nyekundu iliyokoza karibu na kahawia.

Tabia hiyo ya lugha ni msaada mkubwa kwa wapangaji. Ni vigumu kumweleza mtu kwa simu aina ya "kijani kilichopauka kidogo". Ni rahisi kumwambia "kijani cha jani la mgomba upande wa chini". Rangi iliyopewa jina la kitu ambacho kila mtu amekiona haitakosewa na fundi, mpambaji wala shangazi aliye kijiji cha mbali.

## Wanaochagua

Kwa kawaida mambo huenda kwa hatua: posa kupitia mshenga, mahari, kisha vikao. Zamani mahari katika Buha yalitolewa kwa mifugo na majembe. Siku hizi sehemu kubwa hutolewa kwa fedha. Baada ya hapo familia huunda kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kamati ndogo za chakula na vinywaji, usafiri, na mapambo. Kadi za michango hugawiwa, na tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008 ndugu walio mbali hutuma michango yao kwa simu.

Mijini kunaweza kuwa na sherehe kadhaa kwa ndoa moja: kicheni pati ya bibi harusi, sendofu inayoandaliwa na wazazi wake, kisha harusi yenyewe upande wa bwana harusi. Kila sherehe ikipewa rangi yake, ndugu wa karibu hulazimika kushona mara tatu.

Mvutano hutokea mara nyingi kati ya pande tatu. Maharusi wana picha walizoziona kwenye simu. Wazazi wana heshima ya familia ya kulinda. Wachangiaji wana mifuko yenye mipaka. Kikao kinachoanza kwa swali "Mnataka rangi gani?" huishia kwenye ubishi, kwa kuwa kila mmoja amekwisha kuja na jibu. Kikao kinachoanza kwa mchezo huwapa watu kitu cha kushika na kuangalia pamoja kabla ya kubishana.

## Kutafuta wazo kwa mchezo

Mbinu zifuatazo hazihitaji fedha na zinaweza kutumika katika kikao cha kwanza.

Ungo wa maharage. Maharage ni zao kuu la Kasulu na Kibondo, na mbegu zake zina rangi nyingi: nyeupe, njano, kahawia, nyekundu iliyokoza, zambarau, nyeusi, na zenye mabaka. Kila mjumbe huleta konzi moja kutoka nyumbani, zote humwagwa kwenye ungo, na maharusi huchagua punje tatu tu. Punje zenye mabaka hufundisha jambo la ziada: ndani yake rangi moja imetawala na nyingine imetiwa kidogo, na ndiyo sababu inapendeza.

Matembezi ya nusu saa. Wajumbe hutoka wawili wawili na kurudi na vitu vitano walivyookota: jani, ganda la mti, udongo, ua, jiwe. Vyote hupangwa juu ya shuka jeupe. Matembezi hayo yafanywe katika majira yanayofanana na ya siku ya harusi. Maua ya mjakaranda na ya mkrismasi huonekana kwa majuma machache tu, na anayeyachagua kuwa wazo kuu lazima ahakikishe yatakuwepo.

Sanduku la bibi. Mzee wa kila upande huombwa alete nguo moja aliyoitunza, kanga au kitenge, na kueleza aliipata lini na kwa nani. Mara nyingi hapo ndipo wazo kuu hupatikana. Kanga huwa na maandishi, yaitwayo *jina* lake, na jina hilo linaweza kuandikwa kwenye kadi ya mwaliko. Faida nyingine ni kwamba wazee, ambao mara nyingi huarifiwa tu baada ya mambo kuamuliwa, wanakuwa wameweka mkono wao katika uamuzi.

Kitendawili. Watoto wa familia huitwa wategue na kutega. "Nyumba yangu haina mlango" jibu lake ni yai, na yai tayari ni jozi ya rangi: nyeupe na njano. Kisha watoto watunge vitendawili vipya kuhusu vitu vya nyumbani, na kamati isikilize ni vitu gani vinavyorudiwa. Kitendawili kizuri kinaweza kutumiwa na mshereheshaji ukumbini kuwafungua wageni wa pande mbili wasiojuana.

Saa moja sokoni. Wajumbe wawili huenda sokoni bila kununua kitu. Kazi yao ni kurudi na majina ya rangi zinazopatikana katika maduka matatu au zaidi, kwa wingi wa kutosha. Rangi isiyomo katika orodha hiyo huondolewa hata kama inapendwa. Mchezo huu ndio unaookoa fedha kuliko yote, na unafaa kufanywa kabla maharusi hawajazama katika picha za mbali.

Baada ya michezo hiyo kamati hupiga kura kwa vipande vya vitambaa. Ni vyema bibi harusi na bwana harusi kila mmoja awe na haki ya kukataa rangi moja bila kutoa sababu.

## Maana na mitego

Rangi hubeba maana ambazo mchaguaji anaweza kuwa hakuzikusudia.

* Kijani na njano ni rangi za Chama cha Mapinduzi na pia za klabu ya Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935. Harusi yenye rangi hizo peke yake itataniwa, na wageni wengine watauliza kama ni mkutano.
* Nyekundu na nyeupe ni za klabu ya Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Pale ambapo familia moja ni ya Simba na nyingine ni ya Yanga, utani huo unaweza kugeuzwa kuwa wazo kuu lenye kuchekesha, ikiwa tu pande zote mbili zimekubali.
* Buluu iliyokoza na nyeupe hufanana na sare za shule nyingi za msingi. Kuongeza rangi ya fedha au ya waridi huondoa sura hiyo.
* Nyeusi huwakumbusha watu wengi msiba, ingawa vijana wa mijini huiona kuwa rangi ya hadhi. Ikiwekwa kwenye suti na kwenye mipaka ya mapambo haiwakeri wazee.
* Nyeupe ni rangi ya usafi na furaha katika ibada, lakini ndiyo pia rangi ya sanda. Maua mabichi au rangi moja ya joto kando yake hutosha kuipa uhai.

## Kupanga rangi

### Uwiano

Wapambaji wengi hufuata kanuni ya sehemu kumi: sita kwa rangi kuu, tatu kwa rangi ya pili, na moja kwa rangi ya mguso. Kosa la kawaida ni kutoa sehemu sawa kwa rangi tatu, na jicho likakosa mahali pa kutulia. Rangi kuu ifaa iwe tulivu, kama rangi ya maziwa au ya udongo, kwa sababu ndiyo itakayofunika viti, meza na turubai. Rangi kali itumike kama pilipili.

Rangi zinazokabiliana katika duara la rangi, kama buluu na chungwa au zambarau na njano, huamshana zikiwekwa pamoja. Rangi zilizo jirani, kama njano, chungwa na nyekundu, huleta utulivu.

### Nuru

Vitambaa viwili vinaweza kufanana chini ya taa ya duka na kutofautiana juani, kwa kuwa kila rangi ya kiwandani huakisi nuru kwa namna yake. Kipande cha mfano kitazamwe nje saa sita mchana, kivulini, na usiku chini ya taa zitakazotumika. Inafaa pia kupiga picha ya mfano huo kwa simu, kwani ndugu wengi wataiona harusi kwa picha tu. Kitambaa cha kundi moja kinunuliwe kwa siku moja kutoka jora moja, kwa sababu majora mawili ya jina moja mara nyingi hayalingani.

### Vumbi na mvua

Udongo wa nyanda hizi ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, na doa lake kwenye kitambaa cheupe ni gumu kutoka. Shela refu linalofagia ardhi huwa jekundu pindoni kabla ya bibi harusi kufika kanisani. Dawa zake ni nyepesi: pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, mikeka itandikwe njiani, uwanja unyunyiziwe maji alfajiri, au shela lichaguliwe la rangi ya maziwa badala ya nyeupe kabisa. Wakati wa mvua hatari ni nyingine: karatasi laini za mapambo huchuja rangi zikilowa na kuharibu nguo za wageni. Vitambaa, majani ya migomba na maua mabichi havina tatizo hilo.

## Sare na gharama

Sare ya ndugu ndiyo gharama ambayo haionekani katika bajeti ya kamati, kwa kuwa kila mtu hujilipia. Hesabu ya mfano inasaidia kuionyesha. Tuseme kitenge cha mtu mmoja ni shilingi 18,000 na ushonaji ni shilingi 12,000. Watu 40 watakuwa wametoa shilingi 1,200,000 nje ya michango yao. Ikiwa badala yake kila mmoja atavaa nguo nzuri aliyonayo na kuongeza kilemba, utepe au ua la rangi ya harusi kwa shilingi 2,000, jumla ni shilingi 80,000. Tofauti ya shilingi 1,120,000 imebaki mikononi mwa watu wale wale wanaoombwa kuchanga.

Kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Katika vijiji wapo wasio na fedha lakini wanaotoa nguvu: wanaochota maji, wanaokata kuni, wanaokesha na vyungu. Sare ya gharama huwagawa watu wa ukoo mmoja kuwa wenye sare, wanaokaa mbele na kupigwa picha, na wasio na sare, wanaobaki nyuma jikoni. Mara nyingine shangazi au mama mdogo hasemi kwamba hakuweza kununua; hafiki tu, au hufika na kukaa nyuma ya turubai. Kamati inayowapa wapishi na wachotaji vilemba vya rangi ile ile kabla ya kuwafikiria wa meza kuu imetatua jambo hilo kwa gharama ndogo.

Mambo mengine yanayopunguza gharama ni kutumia rangi moja kwa sherehe zote za ndoa hiyo, kukodi shela badala ya kulinunua, kuazima vitambaa vya viti kutoka harusi iliyotangulia, na kupamba kwa vitu vya mahali: vikapu vya kufuma, vyungu, alizeti, na matao ya majani ya migomba.

## Ratiba na sheria

Ratiba ya miezi minne inatosha kwa harusi ya kawaida.

1. Mwezi wa kwanza: kuunda kamati, kupanga tarehe pamoja na viongozi wa dini, kucheza michezo ya rangi, na kupima masoko.
2. Mwezi wa pili: kuamua rangi na wazo kuu, kugawa kadi za michango, kuzungumza na mpambaji, mpishi na mpiga picha.
3. Mwezi wa tatu: kununua vitambaa kwa pamoja na kuvipeleka kwa mafundi. Mafundi huelemewa karibu na sikukuu, kwa hiyo asiyewahi hupokea nguo usiku wa kuamkia harusi.
4. Mwezi wa nne: kutoa taarifa za ndoa, kutuma mialiko, kufunga hesabu, na kupamba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya siku ya kufunga ndoa. Makanisa mengi pia hutangaza ndoa kwa Jumapili tatu mfululizo. Sheria hiyo inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, na inataka mashahidi wasiopungua wawili. Inaeleza pia kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari au zawadi hazikutimizwa.

Katika matakwa hayo hakuna keki, sare wala rangi. Wanaoahirisha ndoa mwaka hadi mwaka kwa kukosa fedha za sherehe, na wanaoanza maisha wakilipa madeni ya ukumbi, wanabebeshwa mzigo ambao sheria haikuwawekea.

## Mfano

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha jinsi hatua zilizoelezwa zinavyoungana. Maharusi wa kijiji kimoja cha Kasulu wamepanga harusi ya Julai. Bibi harusi alitaka zambarau na rangi ya fedha, kama alivyoona katika picha za Dar es Salaam. Waliotumwa sokoni walirudi na habari kwamba kitambaa cha zambarau kipo duka moja tu, mita chache. Kwenye ungo wa maharage yeye na mchumba wake walichagua punje ya njano, ya kahawia na moja ya zambarau.

Kamati ikapanga hivi: rangi ya maziwa kwa viti na meza, njano kwa vilemba na alizeti zilizowekwa ndani ya vikapu, na zambarau kwa utepe wa maua ya bibi harusi na tai ya bwana harusi tu. Mita zile chache za duka moja zikatosha. Wazo kuu likaitwa "Mavuno". Wageni waliombwa walete konzi ya mbegu pamoja na zawadi yoyote waliyoweza, na mbegu hizo zikamwagwa katika ungo mmoja mbele ya meza kuu. Aliyekuja na mbegu peke yake hakuonekana kuwa amekuja mikono mitupu.

Nyumba hiyo mpya ilianza bila deni la kitambaa, na ikiwa na mbegu za msimu wa kupanda.